Benchi Lisilolala: Vidokezo 11 vya Kunusuru Kikosi Chako cha FPL

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 Harambee Stars walikuwa Kasarani wakipimana nguvu na Madagascar, robo fainali ya CHAN. Sisi wa ofisini tulikuwa Westlands, tumebanana kwenye baa ya ghorofani, shingo zote zimeelekea runinga moja. Sare ya 1-1. Muda wa ziada. Penalti. Tukatolewa. Jamaa mmoja alijifunika uso kwa skafu ya taifa, wengine tukaanza kubishana ni nani hakufaa kupewa mkwaju, na ubishi ukanoga hadi saa mbili unusu usiku ikapita bila mtu kutazama simu.

Saa mbili unusu ndipo dirisha la FPL, yaani Fantasy Premier League, mchezo wa kupanga kikosi cha Ligi Kuu ya Uingereza, lilipokuwa linafungwa, kwa sababu West Ham na Chelsea walikuwa wanachuana usiku huohuo.

Nahodha wangu alikuwa Cole Palmer. Kikosi cha Chelsea kilipotangazwa jina lake lilikuwemo, nikashusha pumzi. Kumbe wakati wa kupasha misuli akapata maumivu ya kinena, akatolewa kabla ya kipenga, kijana Estêvão akaingizwa mahali pake. Chelsea wakashinda 5-1. Nahodha msaidizi wangu alikuwa beki niliyemteua wiki iliyotangulia nikiwa kwenye lifti, nusu ya akili ikiwaza chakula cha mchana. Wa kwanza kwenye benchi alikuwa kiungo wa bei ya chini kabisa ambaye kocha wake hakuwa hata na mpango wa kumtazama.

Jumanne asubuhi, aliyekuwa kileleni mwa ligi yetu ya watu 19 ni soja wa lango la jengo letu. Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wake. Mengi ya haya yafuatayo ni yake, mimi nimeyaandika tu.

1. Nunua dakika kwanza, mabao baadaye

Watu zaidi ya milioni 11 duniani hucheza FPL, na wengi wetu tukipewa zile pauni milioni 100 za kuanzia tunakimbilia majina. Jina halichezi. Mchezaji akigusa uwanja kwa chini ya dakika 60 unapata pointi 1, akifikisha 60 unapata 2, na bila hizo dakika hakuna bao wala pasi ya bao. Beki wa milioni 4.5 anayeanza kila wiki, hata kama sura yake huwezi kuitambua ukikutana naye Sarit Centre, ana faida kuliko winga wa milioni 8 anayeanza wiki hii na kupumzishwa wiki ijayo.

Akiwa Manchester City, Pep Guardiola alitupandisha presha miaka mingi kwa tabia hii. Ulimsajili kiungo wake aliyefunga mabao mawili Jumatano, Jumamosi ukamwona amekaa na koti hadi shingoni. Kabla hujamnunua mtu, fungua ukurasa wake na utazame safu moja tu: mechi 6 zilizopita alicheza dakika ngapi? Ukiona 90, 90, 12, 0, 76, 23, huyo ni wa kamari. Mwache.

2. Spea iwe na upepo

Kikosi kina watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Kumi na mmoja wanaanza, wanne wanakaa benchi. Kosa la mwaka wa kwanza ni kujaza benchi na watu wa bei ya mwisho wasiocheza kabisa, ili pesa zote ziende mbele. Ni kama dereva wa matatu anayebeba tairi la spea lililokwisha upepo. Siku atakapopata pancha pale Kangemi ndipo atakapojua alikuwa amebeba mzigo tu.

Kosa la mwaka wa pili ni kinyume chake: benchi la milioni 22, na kila wiki pointi 15 zimelala nje. Nimelifanya hilo pia, na linauma zaidi.

Kipimo ninachotumia siku hizi ni hiki: wale watatu wa benchi wasio kipa, angalau wawili wawe wanaanza kwenye vilabu vyao. Vilabu vilivyopanda daraja ndivyo soko lenyewe, kwa sababu bei zao hupangwa chini. Mfano mzuri kuliko yote ni John Lundstram wa Sheffield United, msimu wa 2019/20. Alisajiliwa kama beki wa milioni 4.0, lakini uwanjani alikuwa akicheza kiungo. Watu walimnunua akae benchi, akaishia kuwa mchezaji wa kuanza kila wiki. Kila Agosti hutafutwa Lundstram mpya. Mara nyingi hapatikani, ila kumtafuta hakugharimu kitu.

3. Panga benchi kama soja

Hapa ndipo ligi za ofisini zinaposhindiwa, na hapa ndipo watu hawatazami kabisa.

Pale langoni kuna daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ukiligeuza, ukurasa wa mwisho umepigwa mistari kwa biki nyekundu. Juu kuna majina 11. Chini yake kuna namba 1, 2, 3, na mbele ya kila namba jina limeandikwa, likakatwa, likaandikwa tena. Wiki moja nilihesabu namba 1 imekatwa mara nne kati ya Jumatano na Jumamosi.

“Mzee, benchi tu ndiyo inakutesa hivi?”

“Mkubwa, hawa kumi na mmoja nikishachagua nimemaliza. Hawa watatu ndio wanaingia kama mimi siko.”

Utaratibu wenyewe ni huu. Raundi ikiisha, kama mchezaji wako wa kuanza hakucheza hata dakika moja, kompyuta inakwenda benchini na kumchukua wa kwanza aliyecheza, mradi kikosi kibaki halali: mabeki wasipungue 3, na mshambuliaji awepo angalau 1. Kipa hubadilishwa na kipa tu.

Chukua mfano wa 3-4-3. Benchi lako lina kipa, mabeki wawili na kiungo mmoja. Umemweka kiungo namba 1. Beki wako mmoja akikosa mechi, kompyuta itamruka huyo kiungo kwa sababu mabeki wangebaki wawili, na itamchukua beki wa kwanza benchini. Lakini mshambuliaji akikosa, kiungo ndiye ataingia. Kwa hiyo kabla hujauliza nani mkali zaidi benchini, uliza ni nani kati ya wale 11 ambaye huenda akakosa. Ukijua mwenye shaka ni beki, shughulika na mpangilio wa mabeki wako wawili na uwaache wengine.

Kisha kuna ujanja ambao soja alinifundisha akiwa anafungua lango kwa mkono mmoja. Kwenye benchi, mwenye shaka unaweza kumweka mbele na wa uhakika nyuma yake. Kama yule wa shaka hatacheza, hukupoteza kitu: kompyuta itampita na kwenda kwa anayefuata. Kama atacheza, umepata yule mkali uliyemtaka. Kwenye wale 11 wa kuanza mantiki ni ileile: winga ambaye ama ataanza ama hatavuka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo si hatari sana, ikiwa nyuma yake kuna mtu. Wa hatari ni yule wa kidokezo kinachofuata.

4. Dakika moja ni sumu

Mchezaji akiingia dakika ya 89, amecheza. Anakuletea pointi 1 na anaufunga mlango wa benchi. Yule beki wako aliyeketi nje na pointi zake 9 atabaki huko huko.

Agosti 2023, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Manchester City ugenini kwa Burnley. Kevin De Bruyne aliumia msuli wa nyuma ya paja na kutoka kabla ya nusu saa. Waliokuwa naye walipata pointi 1, benchi halikuingia, na mwenyewe hakuonekana tena ligini hadi Januari. Hilo la kuumia hakuna anayeweza kulizuia. Linalozuilika ni kumwanzisha mchezaji anayetoka kwenye jeraha, ambaye kocha amesema wazi kwamba “atapewa dakika chache”. Huyo mweke benchi, tena nafasi ya mwisho, na uumeze mate.

Najua utanitajia Victor Wanyama. Februari 2018, Anfield, aliingia akitokea benchi la Tottenham na muda mfupi baadaye akapiga lile kombora lililotikisa nyavu za Liverpool, na nusu ya Nairobi ikaruka kwenye viti. Sawa. Lakini niambie ukweli, ulikuwa naye kwenye kikosi chako wiki ile?

5. Nahodha na msaidizi wasipande matatu moja

Pointi za nahodha huzidishwa mara mbili. Asipocheza kabisa, msaidizi anarithi utepe. Msaidizi naye asipocheza, hakuna wa kurithi.

Tarehe 7 Desemba 2024, Everton na Liverpool walikuwa wafungue raundi, saa tisa unusu mchana kwa saa zetu. Dhoruba iliyopewa jina la Darragh ikaipiga Uingereza, na asubuhi ya siku hiyo mechi ikaahirishwa hadi Februari. Mohamed Salah alikuwa kwenye msimu uliomalizika kwa pointi 344, rekodi ya FPL, kwa hiyo unaweza kukisia utepe wa watu ulikuwa mkononi mwa nani. Walioamka mapema na kusoma habari waliuhamisha. Waliolala hadi dirisha likafungwa, ila wakawa na msaidizi wa klabu nyingine, walipona. Waliokuwa na Salah nahodha na mwenzake wa Liverpool msaidizi walipata raundi isiyo na nahodha.

Basi mechi mbili tofauti. Ukiweza, siku mbili tofauti. Na msaidizi awe mtu wa dakika 90, hata kama hana mbwembwe. Usimteue kwenye lifti.

6. Makipa: kipa na kivuli chake

Hapa nitapita haraka. Kipa wa pili wa milioni 4.0 anatosha, ila mtafute ndani ya klabu ileile ya kipa wako wa kwanza kama bei zinaruhusu. Wa kwanza akiumia, wa pili ndiye atakayesimama langoni, na kompyuta itakufanyia kazi hiyo bila wewe kutumia uhamisho. Hasara yake ni kwamba unakula nafasi mbili kati ya tatu unazoruhusiwa kwa klabu moja. Kwa klabu kubwa ni ghali. Kwa klabu ya katikati ya jedwali ni sawa kabisa.

7. Jifunze saa ya Uingereza kabla ya kujifunza soka yake

Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Vikosi hutangazwa baadaye, kwa hiyo usisubiri kuona majina. Na saa yenyewe inahama. Waingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi jua letu halina mambo hayo. Jumamosi yenye mechi ya mapema, tangu Agosti hadi saa zibadilike dirisha linafungwa saa saba mchana kwetu. Baada ya hapo ni saa nane. Ikiwa kuna mechi ya Ijumaa usiku, ni saa mbili unusu, na msimu wa baridi saa tatu unusu.

Sasa weka hizo saa juu ya maisha ya Westlands. Jumamosi saa saba wewe uko wapi? Kama kazi yako ni ya nusu siku, unatoka ofisini, unakumbuka umeahidi kununua dawa ya mbu, na stejini kondakta anakuvuta mkono. Ijumaa saa mbili unusu usiku ni mbaya zaidi. Mvua ikinyesha, Waiyaki Way inageuka kuwa maegesho. Walio na pesa wanapita juu kwenye Expressway, na wewe uko chini, ndani ya matatu yenye muziki wa kupasua kichwa, betri iko asilimia 4 na bando imebaki ya kutuma ujumbe tu.

Mimi binafsi nimewahi kufanya uhamisho nikiwa nimesimama kando ya toroli la smoki pale Woodvale Grove. Mkono mmoja smoki yenye kachumbari, mkono mwingine simu yenye kioo kilichopasuka. Pilipili ikanidondokea kwenye skrini, nikaipangusa kwa kidole gumba, na kidole gumba kikamuuza mshambuliaji niliyetaka kumwachia utepe. Ukishathibitisha uhamisho, haurudishwi. Nilikaa naye moyoni wiki nzima. Alifunga mawili.

Tangu hapo Alhamisi usiku, nikiwa nyumbani, naweka kikosi kinachoweza kusimama hata nikitekwa: nahodha, msaidizi, benchi kwa mpangilio. Usipoingia tena, kompyuta itatumia hicho hicho. Ijumaa na Jumamosi ni za kurekebisha tu. Kengele ya simu nimeiweka saa mbili kabla ya dirisha kufungwa, kwa maana ikilia dakika 10 kabla itakukuta umeinama unatafuta chenji.

8. Usisajili kwa hasira

Jumatatu asubuhi ndiyo saa ya hasira. Umepata pointi 31, mwenzako wa uhasibu amepata 78 na anapita kwenye meza yako akipiga mluzi. Mkono unakuwasha. Tulia. Kati ya Jumatatu na Ijumaa kuna mechi za Ulaya katikati ya wiki, kuna mazoezi, kuna makocha watakaozungumza na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi. Mchezaji unayemnunua Jumatatu anaweza kuchechemea Jumatano.

Kinachowasukuma watu ni bei, kwa sababu wachezaji wanaotafutwa sana hupanda milioni 0.1 usiku wa manane. Hiyo 0.1 sijawahi kuona ikimshindia mtu ligi. Uhamisho wa ziada, kwa upande mwingine, unakula pointi 4 papo hapo, na pointi 4 ni bao la mshambuliaji. Tangu msimu wa 2024/25 unaweza kujiwekea akiba ya uhamisho hadi 5. Weka. Soja huwa hashuki chini ya 2 mkononi. Anasema ni pesa ya nauli ya kurudi nyumbani, haiguswi hata kama rafiki ana shida.

Na kabla ya mapumziko ya mechi za kimataifa usiguse kitu. Waache wapande ndege, wacheze, warudi, ndipo uhesabu waliosalimika.

9. Mgonjwa atalala hospitali wiki ngapi?

Nina rafiki aliyeishi Boston miaka kadhaa, akarudi na ugonjwa wa besiboli. Wamarekani nao wana fantasi yao ya huo mchezo. Msimu wao una mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku, na mchezaji akiumia ligi nyingi za fantasi zinakuruhusu umhamishie kwenye orodha ya majeruhi, nafasi yake ikafunguka umchukue mwingine. Nilimwonea wivu. Kwenye FPL hospitali hakuna. Mgonjwa wako analala sebuleni kwako, anakula chakula chako, na kiti chake hakikaliwi na mtu.

Kwa hiyo hesabu wiki. Bendera ya njano yenye asilimia 75 kwa kawaida naipuuza, mradi benchi lina upepo. Wiki moja nje: benchi litaziba. Wiki mbili: tazama ratiba, kama benchi lako linakutana na vigogo mara mbili mfululizo basi uza. Wiki tatu au zaidi, uza bila kuagana.

Ugumu uko kwa wale wakubwa. Bukayo Saka aliumia msuli wa paja Desemba 2024 wakicheza na Crystal Palace, na hakurudi hadi Aprili. Huyo aliuzwa bila mjadala. Lakini Erling Haaland, msimu wa 2023/24, alipoumia mguu mwanzoni mwa Desemba, kila wiki habari zilisema “karibu”, na hiyo karibu ikafika mwisho wa Januari. Watu walimhifadhi kwa sababu walikuwa wamemnunua bei ya chini na ukiuza unapata nusu tu ya faida. Hapo mtu anaokoa milioni 0.3 na kupoteza wiki nane za mshambuliaji. Kocha akisema “tutaona” mara mbili mfululizo, mimi naihesabu kuwa mwezi.

10. Kalenda iko wazi, isome

Majeraha hayatabiriki, ila mambo mengi mengine yanatabirika na bado yanatukuta tumelala. Mchezaji akifikisha kadi 5 za njano katika mechi 19 za mwanzo, anakosa mechi moja. Hesabu hiyo iko hadharani. Fainali ya Kombe la Ligi huziondoa timu mbili kwenye raundi, na wapinzani wao wa wiki hiyo wanabaki bila mechi. Kama una watatu wa klabu moja hapo, benchi lote litaitwa kazini kwa mpigo.

AFCON sisi ndio tunapaswa kuwa wa mwisho kushtukizwa nayo. Ile ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na kuisha 18 Januari 2026, katikati kabisa ya mrundikano wa mechi za Krismasi. Waendeshaji wa FPL waliona shida, wakamjazia kila mtu uhamisho ufike 5 kwenye wiki ya 16. Ajabu ni kwamba kwenye kundi letu la WhatsApp kuna Wakenya waliokuwa wanashabikia Senegal usiku, na asubuhi wanauliza kwa nini kikosi chao kina mashimo.

Desemba ina balaa lingine, nalo ni ushago. Ukivuka tu mlima, mtandao unakaa juu ya mti mmoja nyuma ya zizi, na mjomba anataka kujua kwa nini umepanda juu ya mti. Raundi za Desemba hufuatana kwa siku chache. Kabla ya kupanda gari, weka kikosi chenye watu wa uhakika hata kama hawang’ai, na namba 1 wa benchi awe mtu anayeanza kila mechi. Huo si wakati wa majaribio.

11. Karata ya benchi isifie mfukoni

FPL inakupa karata kadhaa za kucheza mara moja, na mojawapo huhesabu pointi za wote 15. Msimu wa 2025/26 zilitolewa seti mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, na ya kwanza usipoitumia inapotea. Wengi huilinda hadi ikaoza. Wengine huitumia raundi ambayo klabu fulani zinacheza mara mbili, na hilo ni sahihi, lakini wanaitumia wakiwa na benchi lilelile la tairi lisilo na upepo, wanavuna pointi 3.

Maandalizi yanaanza wiki tatu kabla. Unamuuza yule beki wa milioni 4.0 asiyecheza, unamchukua wa 4.5 anayecheza. Kipa wa pili unampandisha cheo. Siku yenyewe ikifika unataka kuona bendera sifuri na watu 15 wenye viatu miguuni.

Jumamosi moja nilimkuta soja ameinamia lile daftari, redio ndogo sikioni, nikajua wiki hiyo ndiyo hiyo. Zilikuwa zimebaki kama dakika 20 dirisha lifungwe. Nikachungulia juu ya bega lake. Majina manne ya chini yalikuwa yameandikwa kwa wino wa bluu, safari hii bila kukatwa hata moja, na la kwanza sikuwahi kulisikia maisha yangu.

“Mzee, huyu namba moja ni nani? Anachezea wapi?”

Akalifunga daftari, akaligeuza upande wa mbele, akanisukumia na kalamu.

“Mkubwa, leo ni Jumamosi. Andika jina, nambari ya kitambulisho na saa ya kuingia.”